Nakshi Isiyotoa Chembe: Mhadhara juu ya Vikinga vya Kigasha vya Ngozi

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokaa karibu na mlango,

Nimeombwa nizungumze juu ya utengenezaji wa vikinga vya kigasha, yaani vipande vya ngozi vinavyofunika mkono kati ya kiwiko na kiganja, vikachorwa nakshi kwa mkono, vikatiwa rangi, na kufungwa kwa gidamu au kwa bizimu. Kabla sijagusa chombo chochote kilicho mezani hapa, naomba niseme jambo moja ambalo maelezo yangu yote yatalitegemea. Neno "kuchonga", tunapolitumia kwa ngozi, linatudanganya. Fundi wa milango ya Lamu au ya Unguja huchonga kwa kutoa: anapomaliza kazi, sakafu imejaa vibanzi, na ua lililobaki mlangoni ni ule mti ambao patasi haikuuondoa. Fundi wa ngozi anapomaliza, sakafu yake ni safi. Hajatoa hata chembe. Amepasua uso wa ngozi kwa kisu, kisha akaushindilia chini upande mmoja wa mpasuo na kuuacha upande wa pili ulivyo, na tofauti hiyo ya kimo, ambayo aghalabu haifiki milimita mbili, ndiyo inayozaa kivuli. Kivuli hicho ndicho tunachokiita jani, ua au mzabibu. Kwa hiyo ninapozungumzia kuchagua ngozi, kuilowesha, kuikata na kuipaka rangi, nitakuwa nauliza swali lile lile: je, kivuli kimesalimika?

Asili ya kifaa chenyewe ni upinde. Mpiga upinde anayeshika upinde kwa mkono wa kushoto huachia upote, yaani kamba ya upinde, kwa mkono wa kulia, na upote ule, unaporudi kwa kasi, huweza kuchapa upande wa ndani wa kigasha na kuacha alama ya rangi ya zambarau ambayo aliyewahi kuipata haisahau. Ngozi huzuia kipigo hicho, na pia huibana mikono ya nguo isije ikanaswa na upote. Katika Uingereza ya karne ya kumi na sita, kikinga kilikuwa kifaa cha kawaida cha askari wa upinde. Meli ya kivita ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 karibu na Portsmouth na kuinuliwa kutoka chini ya bahari mwaka 1982, ilikutwa na vikinga kadhaa, vingi vyao vya ngozi. Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London linacho kimoja cha fahari zaidi, chenye waridi lililovishwa taji, majani ya mwaloni, na maneno mafupi ya kumwomba Yesu msaada. Mapokeo yanakihusisha na Mfalme Henry VI na mwaka 1464, ingawa mimi mapokeo ya namna hiyo huyasikiliza kwa sikio moja.

Hapo kuna somo ambalo watengenezaji wengi wa leo hawalijui. Kikinga cha mpiga upinde hufunika upande wa ndani wa mkono, na kamba zake hukaa nje, kwa sababu upote haupaswi kukutana na fundo, bizimu wala ukingo wa nakshi. Kikinga cha mapambo, kile cha maigizo ya kihistoria na sherehe za mavazi ya kale, kimegeuzwa: nakshi iko nje ili watu waione, na kamba ziko ndani. Upote unataka ulaini, jicho linataka kina. Mteja akikuambia kwamba anataka kikinga cha kupigia upinde na chenye nakshi ya kina, muulize kwanza atakivaa upande gani, la sivyo utamtengenezea kitu kizuri kitakachokata upote wake.

Nakshi yenyewe ya kisu na nyundo tunayoifuata leo haikutoka kwa wapiga upinde. Ilipita Hispania na Mexico katika matandiko ya farasi, ikawafikia watengenezaji wa matandiko wa magharibi ya Marekani. Huko Sheridan, katika jimbo la Wyoming, katikati ya karne ya ishirini, fundi Don King aliupa mtindo huo sura inayojulikana hadi sasa: maua madogo yaliyosongamana, na mashina yanayozunguka kwa miduara inayoingiliana bila kuacha nafasi tupu. Mafundi wa vikinga wa leo wameazima lugha hiyo ya tandiko na kuipeleka mkononi.

Sasa ngozi. Sehemu kubwa ya ngozi inayouzwa madukani imetengenezwa kwa chumvi za kromu, na ngozi hiyo ni laini, hustahimili maji, na inafaa sana kwa viatu na mikoba. Kwa nakshi haifai. Ukiigonga, inarudi juu kama godoro. Tunachohitaji ni ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, kwa sababu ngozi hiyo, ikiwa na unyevu, hukubali kubonyezwa, na ikikauka hubaki ilivyobonyezwa. Mti unaotoa kwa wingi duniani magome yenye dawa hiyo ya kutengenezea ngozi ni muwati, na wapo miongoni mwenu waliokulia Njombe au nyanda za juu za Kenya na wanaoijua harufu ya magome yake kabla ya kuijua harufu ya ngozi. Kuitambua si vigumu: dondosha tone la maji upande wa uso, na ngozi ya magome isiyopakwa kitu italinywa tone hilo na kugeuka rangi ya kahawia papo hapo, wakati ya kromu mara nyingi itaacha tone limekaa juu.

Chagua kipande cha mgongo au cha bega. Ngozi ya tumbo hunyumbuka ovyo, na nakshi iliyochorwa juu yake huvutika kama picha iliyochapwa kwenye fulana. Unene wa milimita 2.8 hadi 3.6 unatosha kwa kikinga. Wauzaji wa Marekani hupima unene kwa wakia, na wakia moja ya ngozi ni sehemu ya 64 ya inchi, karibu milimita 0.4, kwa hiyo ukiona imeandikwa wakia saba hadi tisa, ndiyo hiyo.

Katika kupima mkono, chukua mzunguko wa kigasha mahali kilipo kinene, mzunguko wa juu kidogo ya kiganja, na urefu kati ya sehemu hizo. Wengi huishia hapo, kisha hushangaa kikinga kinapokataa kufunga. Ngozi yenye unene wa milimita tatu, ikizungushwa mkono mzima, upande wake wa nje huwa mrefu kuliko wa ndani kwa karibu milimita 19, na nafasi hiyo lazima itoke mahali fulani. Mimi hukata kigezo cha karatasi ngumu, nikakijaribu juu ya mkono wa mteja akiwa amekunja kiwiko, kisha nikaacha pengo la sentimita tatu hivi kwa ajili ya kamba. Na kigezo cha mkono wa pili kigeuzwe. Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kumaliza jozi nzima, nakshi na rangi, nikaviweka mezani kwa furaha, na ndipo nikagundua kwamba vyote viwili vilikuwa vya mkono wa kushoto.

Nafika kwenye maji, na hapa nitakawia, kwa maana sehemu kubwa ya kazi mbovu ninazoletewa zimeharibiwa na maji kabla kisu hakijashikwa. Ngozi kavu haikatiki kwa ulaini. Kisu hukwaruza na kingo za mpasuo huchanika. Ngozi iliyojaa maji hukatika kama siagi, lakini mpasuo hujifunga wenyewe na kila alama hufifia. Tunataka hali iliyo katikati. Lowesha kipande chote kwa sponji, pande zote mbili, kisha kifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiku kucha ili unyevu ufike katikati kwa usawa. Asubuhi, kitoe na usubiri. Rangi ya uso itaanza kurudi kuwa nyeupe-manjano kama ilivyokuwa kabla ya maji, ilhali ukiigusisha shavuni bado utaona ubaridi. Wakati huo ndio wa kuanza. Ishara ya uhakika ni hii: ukigonga chombo na alama ikageuka kahawia iliyokolea kuliko ngozi inayoizunguka, unyevu umekaa sawa. Weusi huo haukuletwa na rangi yoyote. Ni nyuzi zilizoshikamana, na ni nusu ya kivuli chetu, tena nusu tunayopewa bure.

Hali ya hewa ina neno lake. Mwambao, ngozi iliyofungwa hubaki na unyevu muda mrefu, lakini ukiisahau siku mbili utakuta koga la kijani. Ihifadhi kwenye jokofu. Bara wakati wa kiangazi uso hukauka ukiwa bado unakata shina la kwanza, na itakubidi upitishe sponji mara kwa mara, kidogo kidogo, bila kumwaga. Pia gundisha mkanda mpana wa plastiki nyuma ya kipande kabla ya kuanza, kwa kuwa nyundo huitandaza ngozi, na kikinga kilichotanda hakilingani tena na mwenzake.

Kisu chetu kina shingo inayozunguka na kiti cha kidole cha shahada juu yake. Kidole hicho hushindilia, kidole gumba na cha kati huzungusha, na makali yake ni mafupi kama ya patasi ndogo. Kina cha mpasuo kiwe theluthi ya unene wa ngozi, au nusu kwa ukingo mkuu. Anza na kilicho mbele, yaani ua, ndipo ushuke kwenye majani na mashina, kwa sababu mistari haikatani; shina hupita nyuma ya petali na kusimama linapoifikia. Sugua makali kwenye ukanda wa ngozi wenye unga wa kung'arishia baada ya kila dakika chache. Mwanafunzi anayelalamika kwamba mkono wake hauna ustadi, mara tisa kati ya kumi kisu chake ndicho kisicho na makali.

Baada ya kisu huja vipigio, vijiti vya chuma vyenye vichwa vya sura mbalimbali, vinavyogongwa kwa nyundo ya mbao juu ya kibao cha jiwe. Vipo vya mishipa ya majani, vya mbegu, vya kubonyezea mandharinyuma, lakini nikiambiwa nibaki na kimoja nitabaki na kile cha mteremko. Kichwa chake kina upande mnene na upande mwembamba. Ule mnene hukaa ndani ya mpasuo na ule mwembamba hutokomea kwenye ngozi, na hivyo ukingo mmoja hushuka taratibu. Kisogeze nusu ya upana wake kwa kila pigo, vinginevyo utaacha ngazi. Angalizo la haraka kuhusu chuma: dawa ya magome ikikutana na chuma penye unyevu huzaa doa jeusi. Vumbi la msasa, msumari uliosahaulika, hata vidole vilivyotoka kunoa kisu vinatosha. Maji ya ndimu hulififisha doa likiwa bado changa. Jambo hilo hilo mafundi wa zamani walilifanya dawa: waliloweka vipande vya chuma kwenye siki, na maji yake wakayapaka ngozi ikawa nyeusi tii. Naupenda weusi huo kuliko wa chupa, kwa kuwa haukai juu ya ngozi. Ni ngozi yenyewe imebadilika, na kila mpasuo unabaki wazi.

Hilo linatupeleka kwenye rangi, ambako kazi nyingi nzuri hufia. Rangi za spiriti huingia ndani ya ngozi na kutambaa pembeni, kwa hiyo zifae mandharinyuma na maeneo mapana, wala zisisogezwe hadi kwenye mpaka wenyewe. Rangi za akriliki hukaa juu, na uwezo wake wa kupendeza ndio uwezo wake wa kuharibu: tabaka nene moja hujaza mpasuo, mteremko ukalala, na nakshi ya siku tatu ikawa mfano wa kitambaa kilichochapwa. Punguza rangi kwa maji, paka matabaka matatu au manne mepesi, kila moja likauke, na brashi ndogo isiguse mfereji wa kisu. Usitangulize mafuta ya kwato za ng'ombe mahali utakapopaka akriliki, maana haitashika. Ningekushauri uache sehemu ya ua bila rangi kabisa. Najua wateja huomba nyekundu na bluu kila mahali; mwoneshe kilichoachwa, na mara nyingi hubadili nia. Kuhusu ile dawa ya kuzeesha, inayopakwa na kufutwa ili ibaki kwenye mabonde tu, ni kivuli cha kuazima. Ina nafasi yake juu ya tabaka la kinga, lakini anayeihitaji sana huwa hakushusha mteremko vya kutosha.

Umbo hutolewa ngozi ikiwa na unyevu kidogo, kwa kuizungushia chupa iliyochongoka, nakshi ikitazama nje na bila kuikandamiza. Usijaribu kuigandisha kwa maji ya moto, kwani ngozi itasinyaa na kujikunja pamoja na kila ulichokichora. Bitana ligundishwe kikinga kikiwa kimeshapinda, kisha toboa kwa msharasi na ushone kwa uzi wa kitani uliopakwa nta. Bitana hilo si urembo. Jozi yangu moja ya nyekundu niliiacha bila bitana wala tabaka la kinga kwa ndani, na mvaaji alipotoka jasho, shati lake jeupe lilirudi kwangu likiwa na mikono ya waridi. Nililinunua.

Nimeleta vipande viwili, na naomba vipite mkono kwa mkono kuanzia safu ya mbele. Vimechorwa kwa kigezo kimoja, kwa kisu kimoja, siku moja. Kimoja nilikipaka rangi kila mahali. Cha pili nilitia nyeusi ya siki nyuma ya majani na kuliacha ua bila kitu. Kikikufikia usikitazame kwa kukielekeza kwenye taa ya juu. Kipeleke upande wa dirisha, kilaze, ukiinamishe polepole, na uone ni kipi kinachosogea.