Ovidius na Herufi Mavumbini

Mabibi na mabwana, mshairi ninayemzungumzia jioni hii, Publius Ovidius Naso, alizaliwa tarehe 20 Machi mwaka 43 K.K. katika mji wa Sulmo, kwenye milima iliyo mashariki ya Roma. Baba yake alimtaka ashike sheria, akawa akimkanya kwamba ushairi hauna faida na kwamba hata Homer, mshairi mkuu wa Wagiriki, hakuacha mali. Kijana alitii, akajaribu nathari. Lakini, kama anavyosimulia mwenyewe, kila alichoandika kilijipanga kikawa shairi.

Utungo wake mkubwa ni Metamorphoses, wenye vitabu 15 na mishororo ipatayo 12,000. Sisi tuliolelewa kwa vina na mizani tutashangaa kidogo, kwa kuwa utungo huo hauna vina. Mshororo hupimwa kwa mfuatano wa silabi ndefu na fupi. Humo watu hugeuka miti, ndege na mawe, na mara nyingi linalomtesa zaidi aliyegeuka ni kupotewa na sauti. Mtazameni Io, msichana aliyegeuzwa mtamba. Baba yake, asiyemtambua, anamchumia majani. Naye anamlamba mzee viganja huku machozi yakimtoka, ila kila akifungua kinywa ili aseme, hutoka mlio wa ng'ombe unaomtisha yeye mwenyewe. Mwishowe anachora herufi mavumbini kwa ukwato, na mzee anaelewa. Nadhani Ovidius alitaka tucheke kwanza, ndipo tuhuzunike.

Mwaka 8 B.K. Kaisari Augusto alimfukuza Roma, akampeleka Tomis kwenye Bahari Nyeusi, ambako leo ni Constanța nchini Romania. Ovidius anataja sababu mbili: shairi na kosa. Shairi ni Ars Amatoria, lililofundisha mbinu za mapenzi ilhali Augusto alikuwa ametunga sheria kali dhidi ya uzinzi. Kuhusu kosa, anadokeza tu kwamba macho yake yaliona jambo yasilopaswa kuona. Siri hiyo, kwa maoni yangu, imewapotezea wasomi wino mwingi mno.

Huko, anasema, mvinyo uliganda ukabaki na umbo la mtungi, watu wakagawana vipande. Hata hivyo kilichomkondesha zaidi ni kukosa masikio yanayojua Kilatini: kutunga shairi usilo na wa kumsomea, aliandika, ni sawa na kucheza ngoma gizani. Alipotuma Roma kitabu cha maombolezo yake, alikiagiza kiwaambie ndugu zake, yaani vile vitabu 15, kwamba maisha ya baba yao nayo yahesabiwe miongoni mwa vilivyogeuka. Alifia hukohuko, na mwaka 2017 baraza la jiji la Roma lilipitisha azimio la kuibatilisha hukumu yake.

Walioathiriwa naye ni wengi, lakini nitamtaja mmoja tu. Katika tamthilia ya Titus Andronicus, Shakespeare anamleta jukwaani Lavinia, aliyekatwa ulimi na mikono ili asiwataje waliomdhulumu. Anakipekua kwa vigutu kitabu cha mtoto mmoja wa nyumbani, na kitabu hicho ni Metamorphoses yenyewe. Anafika kwenye kisa cha Philomela, naye aliyekatwa ulimi. Kisha anashika fimbo kwa kinywa, anaiongoza kwa vigutu, na anaandika majina yao mchangani.