Bei Iliyoshinda na Bei Sahihi: Kupima Usahihi wa Zabuni za Kazi za Umeme

Ndugu wakandarasi, wakadiriaji na wasimamizi wa mafundi, nashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Zabuni zinapofunguliwa, macho yote hukimbilia bei mbili: ya chini kabisa na ile inayoifuata. Zikikaribiana, mshindi husifiwa kwamba amekadiria vizuri. Zikiachana sana, huambiwa amejipunja. Mimi naona kipimo hicho ni dhaifu, na kimewaumiza wengi. Bei ya mshindani wako nayo ni makadirio tu. Huenda mmekaribiana kwa sababu nyote mlichukua bei za kebo kwa msambazaji mmoja, kisha nyote mkasahau trei za kebo zilizochorwa kwenye karatasi za mwisho. Mkikosea pamoja, bei zenu zitafanana vilevile.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Makadirio yanajibu swali: kazi hii itanigharimu kiasi gani? Bei ya zabuni ni uamuzi: niongeze kiasi gani juu yake ili niipate kazi na nibaki na faida? Usahihi ninaouzungumzia ni wa makadirio. Anayeongeza asilimia 20 juu ya gharama akidhani faida yake ni asilimia 20 ya bei, ilhali ni 16.7 tu, huenda amekadiria gharama vizuri kabisa. Kilichompotea ni hesabu ya faida, na dawa yake ni nyingine.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Tuseme wakandarasi watano wanakadiria kazi moja kwa uaminifu, kila mmoja peke yake, bila kuegemea juu wala chini. Makosa yao yanafuata mgawanyo wa kawaida, yaani mengi ni madogo na machache ni makubwa, mkengeuko wastani (kipimo cha mtawanyiko huo) ukiwa asilimia 5 ya gharama halisi. Makadirio ya chini kabisa kati ya hayo matano, kwa wastani, yatakuwa chini ya gharama halisi kwa karibu asilimia 5.8. Wakiwa kumi, pengo linafika karibu asilimia 7.7. Sasa wote watano wakiongeza asilimia 5 ileile ya faida, atakayeshinda ni yule aliyepunguza zaidi, na kwa kawaida faida yake imekwisha kabla hajapeleka fundi hata mmoja saiti. Hakuna aliyefanya uzembe. Ni utaratibu wenyewe wa kumchagua mwenye bei ya chini.

Jambo hili lilielezwa mwaka 1971 na Capen, Clapp na Campbell, wahandisi wa kampuni ya mafuta ya Atlantic Richfield, walipochunguza zabuni za vitalu vya mafuta katika Ghuba ya Mexico. Kule bei ya juu ndiyo hushinda, kwa hiyo mshindi alikuwa aliyekadiria mafuta mengi kupita kiasi. Kwetu mambo yamegeuka, lakini hasara ni ileile.

Upande wa vifaa unahakikika kwa urahisi. Taa na soketi zinahesabiwa kwenye michoro. Hata bei ya kebo inaweza kupimwa kwa uzito: kebo ya shaba yenye nyaya nne za milimita 95 za mraba, urefu wa mita 100, ina shaba ya takriban kilo 340. Ukiletewa bei iliyo chini ya thamani ya shaba hiyo, uliza kama ni alumini au kuna tarakimu imedondoka.

Penye mtego ni saa za mafundi. Chukueni mfano huu. Makadirio yalikuwa saa 1,000, kazi ikaisha kwa saa 1,010. Ofisi nzima inafurahi: tumekosea kwa asilimia moja tu! Lakini fungueni ndani. Taa zilikadiriwa saa 300, zikachukua 200. Kebo kubwa zilikadiriwa saa 400, zikachukua 530. Upimaji na ukaguzi ulipewa saa 300, ukachukua 280. Makosa makubwa mawili yamefichana. Kazi ijayo ikiwa kiwanda chenye kebo kubwa nyingi na taa chache, mkandarasi huyu atashinda kwa urahisi, na itamfilisi.

Ndiyo maana ninasisitiza kwamba karatasi ya saa anayojaza msimamizi saiti iwe na vichwa vilevile vya kazi (taa, kebo, upimaji) vilivyomo kwenye makadirio. Msimamizi akiandika tu "mafundi sita, siku nzima", hamna cha kulinganisha. Kazi za ziada ziandikwe kando na zitolewe kabla ya kulinganisha. Saa za kusubiri mwashi amalize ukuta nazo ziwe na kichwa chake, maana hizo hazisemi lolote kuhusu kasi ya kuvuta kebo.

Kuna tatizo moja linalobaki hata kwa wenye kumbukumbu nzuri. Gharama halisi mnazijua kwa kazi mlizoshinda tu, na hizo, kama tulivyoona, zimechujwa zikaegemea upande wa kukadiria chini. Mkadiriaji ambaye kazi alizoshinda huzidi makadirio kwa asilimia 4 anaweza kuwa haegemei juu wala chini ukizihesabu na zile alizozikosa. Kabla hamjamlaumu au kupandisha viwango vyake vyote, jaribuni hili: wapeni wakadiriaji wawili michoro ileile, kila mmoja afanye peke yake bila kuona kazi ya mwenzake, kisha linganisheni kichwa kwa kichwa. Wakitofautiana kwenye idadi, mmoja hakusoma mchoro vizuri, na hilo linasahihishwa siku hiyohiyo. Wakitofautiana kwenye saa, waiteni wasimamizi wa saiti waketi nao, kwa sababu jibu la swali hilo halimo kwenye michoro.