Toa Mjadala wa WhatsApp, Ulete Ukutani

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Leo tunatengeneza ukuta wa maoni. Mjadala wa kundi la WhatsApp la mtaa tunautoa kwenye simu na kuubandika pale watu wanapopita. Mama mboga asiye na bando naye hulipa ushuru wa soko, na bajeti ya kaunti inamhusu vilevile.

Kwanza, mahali. Mimi napenda kioski cha maji, kwa sababu anayengoja mtungi ujae ana muda wa kusoma. Ombeni ruhusa ya mwenye ukuta kabla ya kupigilia msumari.

Sasa tazameni hapa mezani: karatasi ya manila na kalamu nene nyeusi. Pitieni mazungumzo ya wiki, mchague swali moja tu. Msiandike, "Mnasemaje kuhusu maendeleo?" Hilo halina pa kushika. Andikeni hivi: "Mtaro wa sokoni ukichimbwa, uanzie wapi?" Hata mtoto wa shule ana jibu. Herufi ziwe kubwa, zisomeke ng'ambo ya barabara. Chini acheni nafasi tupu, na kalamu muifunge kwa uzi, isitembee.

Majina na namba za simu msinakili. Aliyesema kundini hakukubali kubandikwa barabarani.

Asiyejua kuandika mwandikieni maneno yake kama alivyoyatamka, kisha mumsomee asikie kama ndiyo aliyosema. Tafadhali msiharakishe hapa. Mkimsahihisha lugha, kesho hatasema tena.

Jioni pigeni picha, mtume kundini. Jibu likitoka kundini, asubuhi lirudi ukutani. Marehemu chifu Francis Kariuki wa Lanet Umoja, Nakuru, alilijua hili mapema: alipoandika Twitter, wenye simu za kawaida waliupata ujumbe uleule kwa SMS.

Halafu maoni hayo yapelekeni kwenye ofisi ya kaunti. Kifungu cha 201 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka uwazi na ushiriki wa wananchi katika fedha za umma. Makadirio ya bajeti hutakiwa kufika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, kwa hiyo anzeni ukuta Januari, mapendekezo yakiwa bado yanaandaliwa. Maoni yawe ukurasa mmoja, nakala mbili. Moja iacheni ofisini, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, muibandike palepale kioskini, juu ya swali.