Kifua Kisichokatika Umeme

Mama zangu, baba zangu na wauguzi wenzangu wa Mbeya, asanteni kwa kuja na baridi hii ya Juni. Nawaona mmejifunika vitenge hadi masikioni. Sasa mfikirieni mtoto njiti wa kilo moja na nusu: ngozi nyembamba, mafuta chini ya ngozi karibu hakuna, na hata kutetemeka hawezi. Huzaliwa amelowa, na maji yale yakikauka huondoka na joto lake. Akipoa, huchoma sukari kidogo aliyonayo apate joto. Sukari ikishuka analegea, hanyonyi, pumzi inasitasita. Watu watasema hakukomaa, kumbe baridi ilikuwa imetangulia.

Dawa ya baridi hiyo ni matunzo ya kangaruu, yaani kumfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Yalianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu inkubeta, mashine za kuwapa watoto joto, hazikutosha. Kwa muda mrefu tulisubiri hali ya mtoto itulie kwanza ndipo tumweke kifuani. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa 2021, uliofanyika Tanzania na nchi nyingine nne, ulihusu watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8. Katika kila 100 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, 12 walifariki ndani ya siku 28. Kwa waliosubirishwa, karibu 16. Basi tusiwasubirishe.

Mtazameni mwanasesere huyu. Avae nepi, kofia na soksi tu. Mweke wima katikati ya matiti, kifua kwa kifua, miguu imekunjwa kama ya chura. Kichwa kigeukie upande, shingo inyooke kidogo kama anayenusa ua. Hapa ndipo tunapoharibu. Kidevu kikilalia kifua, njia yake ya hewa, ambayo ni laini, hujikunja kama mrija, naye hana nguvu ya kujinasua. Upindo wa juu wa khanga uishie chini kidogo ya sikio. Kaza usawa wa kifua chake, tumbo liachie nafasi, maana njiti hupumulia tumbo. Kisha simama utembee. Akiteleza, fungua ufunge upya.

Nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, ya kumridhisha nesi, haitoshi. Tunataka saa 8 hadi 24 kwa siku, na zikizidi ndiyo bora. Usiku lala umeegemea mito, usilale chali kabisa. Mama akienda kuoga, baba avue shati. Kifua chake kina joto lilelile, na aibu ya wakwe tutaijadili baadaye.

Maziwa: siku ya kwanza mililita 60 kwa kila kilo. Wa kilo 1.5 anapata 90 kwa siku. Gawa mara nane, ni kama 11 kila saa tatu, yaani vijiko viwili vya chai na tone. Asiyeweza kunyonya hupewa kwa kikombe kidogo au mpira wa puani.

Joto la kwapani liwe nyuzi 36.5 hadi 37.5 za Selsiasi. Huna kipimajoto? Shika nyayo, zikiwa baridi, mtoto keshaanza kupoa. Wenzetu wa Makete na Njombe, jiko la mkaa lisiingie chumba kilichofungwa: hewa yake haina harufu, na inaua mama na mtoto pamoja.

Akiacha kupumua au akibadilika rangi, nyoosha shingo yake, sugua mgongo, piga nyayo kwa kidole, huku ukipaza sauti kumwita muuguzi. Hata akizinduka, muuguzi aje amwone.