Uvimbe wa sura tatu, nasaba moja

Ndugu matabibu na wauguzi wa Kanda ya Ziwa, asanteni kwa kuja.

Nianze na samaki waitwao furu. Wazee wetu wavuvi waliwajua: mmoja ana meno mapana ya kuvunja konokono, mwingine ana mdomo wa kukwangua mwani kwenye mawe. Ukiwatazama utaapa kwamba si jamaa, kumbe hao furu wa ziwa letu, mamia ya aina, ni wa ukoo mmoja.

Sasa ngozi, nayo ina ukoo wa namna hiyo. Mtu mzima anakuja na uvimbe mgumu kifuani au begani. Hauumi, amekaa nao miaka. Huo unaweza kuwa dermatofibrosarkoma, saratani ya ngozi inayokua polepole, iliyoelezwa na matabibu Darier na Ferrand mwaka 1924. Kwenye hadubini seli zake ni nyembamba, zimesukana kama mkeka. Upo uvimbe mwingine wenye seli za rangi nyeusi, alioueleza tabibu Bednář mwaka 1957. Wa tatu hupenda watoto: fibroblastoma ya seli kubwa, iliyoelezwa mwaka 1982, yenye seli zilizojaa viini zikizunguka nafasi tupu. Ndiyo maana kila mmoja ulipewa jina lake.

Lakini ndani ya seli zote hizo kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni, ya 17 na ya 22 zimekatika na kuungana vibaya. Jeni ya kolajeni, protini inayojenga ngozi, ambayo kwenye ngozi hailali kazini, imeshikamana na jeni ya PDGFB inayoamuru seli zikue. Basi seli inajiamuru yenyewe, usiku na mchana.

Ndiyo maana nasema uvimbe hizo tatu ni nasaba moja. Mtu aweza kupinga kwamba hitilafu moja inaweza kutokea kwenye seli mbili tofauti. Ni kweli. Kinachonishawishi mimi ni hiki: uvimbe wa mtoto ukikatwa, pengine hurudi na sura ya ule wa mtu mzima, na wakati mwingine sura zote mbili hukutwa ndani ya donge moja. (Saratani ya Kaposi, mnayoijua vizuri zaidi, haimo katika ukoo huu, yake ni seli za mishipa na kirusi kilichotambuliwa mwaka 1994.)

Kwa hiyo nawasihi: msiukwangue mkidhani ni uvimbe wa mafuta. Huo hutambaa mbali kuliko vidole vinavyohisi, na ukibakizwa unarudi. Usioweza kukatwa wote una dawa, imatinibu, inayoziba masikio ya seli zisisikie amri ile. Na mnapopeleka kipande cha uvimbe maabara, andikeni kwenye fomu umri wa mgonjwa, na kama aliwahi kukatwa uvimbe mahali palepale utotoni.