Mgambo: jeshi la akiba tunalolijua kwa sura ya sokoni

Mhadhara uliotolewa Moshi

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Nashukuru kwa mwaliko, na nashukuru zaidi kwamba hamkunipangia mada, maana nimepata nafasi ya kuwazungumzia watu ambao wengi wetu humu tunawakumbuka kwa jambo moja tu: kubeba meza ya mama muuza ndizi na kuitupa kwenye gari.

Ndiyo, mgambo. Mnacheka, lakini kisheria huyo mnayemcheka ni sehemu ya jeshi la akiba la Jamhuri. Dai langu jioni hii ni moja. Mafunzo tunayompa hayana kasoro kubwa. Kasoro yetu ni kwamba siku ya pili baada ya gwaride la kufunga mafunzo, hatujui tena yuko wapi.

Habari ya wapiganaji wa ziada ni ya zamani nchini. Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki 1884, alijenga dola yake kwa vijana walioitwa rugaruga. Wajerumani walipoingia waliwapiga rugaruga, kisha wakawatumia: katika Maji Maji, na tena katika Vita vya Kwanza, walipigana pembeni ya askari wa kawaida. Huku kaskazini nako, vita vilipoanza 1914, walowezi wa Kijerumani waliacha mashamba wakaunda kompania zao za bunduki. Waingereza walirudishwa nyuma Longido Novemba mwaka huo, na Moshi hawakuishika mpaka Machi 1916. Nayataja haya kwa kupita. Jambo lenyewe linaanzia 1964.

Usiku wa kuamkia Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Walitaka mshahara zaidi, na walitaka maofisa wa Kiingereza waondoke. Mwalimu Nyerere alilazimika kuwaomba Waingereza haohao msaada, na Januari 25 makomando wao wakashuka kutoka kwenye manowari. Nchi ina miaka miwili ya uhuru, inaokolewa na mkoloni wa jana! Wazee mnaokumbuka mnajua aibu ile ilivyouma. Jeshi likavunjwa. JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ikaundwa Septemba 1, 1964, na safari hii vijana wengi walitoka Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, na JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, iliyokuwa imeanzishwa mwaka uliotangulia. Mwaka 1965 ikaja Sheria ya Jeshi la Akiba. Kwa maoni yangu, sheria ile haikutokana na hofu ya adui wa nje tu. Serikali ilikuwa imeonja hatari ya kuacha bunduki zote kwenye kambi chache, mikononi mwa watu ambao wananchi hawawajui.

Adui wa nje alifuata. Novemba 1970 Wareno, waliokuwa bado wakitawala Msumbiji jirani yetu, walishambulia Guinea kutoka baharini. Januari 1971 Idi Amin akampindua Rais Obote wa Uganda. Mwezi uliofuata TANU ikatoa Mwongozo, ikisema ulinzi ni kazi ya umma wote. Mgambo wakaanza kufunzwa vijijini, viwandani na maofisini. Waziri wa Ulinzi kuanzia 1972 hadi 1977 alikuwa mwenyeji wa jirani hapa, Edward Sokoine wa Monduli.

Kisha 1978. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Amin yakavuka mpaka na kushika eneo la kaskazini mwa Mto Kagera. Hotuba ya Mwalimu ya Novemba 2 kila mtu anaijua, hata watoto wanaiigiza: uwezo, sababu, nia. Watu husahau kuuliza huo uwezo ulikuwa wapi. Jeshi lilikuwa na watu wasiofika 40,000. Kufikia vita kumalizika lilikuwa limepita 150,000, na katika hao mgambo walikuwa kama 40,000. Malori na mabasi ya raia yalichukuliwa kuwasafirisha. Machi 1979, Waganda waliokuwa uhamishoni wakakutana hapahapa Moshi kuunda serikali ya baadaye. Aprili Kampala ikaanguka.

Waliwapataje watu wale haraka hivyo? Balozi wa nyumba kumi, yaani kiongozi wa chama wa kila nyumba kumi, alimjua kila kijana, kwao na shamba lake. Chama kilikuwa ndicho daftari. Nasema hivyo bila kuutamani mfumo wa chama kimoja. Ulikuwa na mabaya yake, na wapo humu waliochapwa nao.

Baada ya vita wengi walirudishwa vijijini, uchumi umeanguka, kazi hakuna, na baadhi ya silaha zikazagaa. Ujambazi na wizi wa ng'ombe vilipozidi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi wakaunda sungusungu, vikundi vya wanakijiji vya kujilinda, na serikali ikaja kuwatambua kwa sheria za mgambo.

Leo je? Kila wilaya ina mshauri wa mgambo, ambaye ni mwanajeshi wa JWTZ. Vijana hukaa miezi kadhaa: kwata, ujanja wa porini, usomaji wa ramani, silaha ndogondogo, huduma ya kwanza. Mkuu wa Wilaya anakuja, anapigiwa saluti, anawaasa wawe waadilifu. Halafu kijana anatafuta lindo. Akibahatika analinda benki. Akikosa, anaajiriwa kibarua na halmashauri kufukuza wamachinga, kazi ambayo hakufunzwa na inayomgombanisha na shangazi zake mwenyewe. Akichoka anapanda basi kwenda Dar, na jina lake linabaki kwenye karatasi wilayani.

Uswisi wana jeshi ambalo karibu lote ni la akiba. Mwanajeshi akimaliza mafunzo ya mwanzo ya wiki 18, huitwa tena kwa wiki tatu, mwaka hadi mwaka, mpaka atimize siku zake. Mwajiri haruhusiwi kumfukuza kwa kuitikia wito, na upo mfuko unaofidia mshahara. Sisi hatuna fedha za Uswisi, lakini kuwaita mgambo wa kata moja kwa siku tano kila mwaka, kuhakiki majina, namba za simu na shabaha, hakuhitaji fedha za Uswisi. Kunahitaji mwajiri abanwe, yule wa kampuni ya ulinzi hasa, maana ndiye anayefaidi mafunzo yaliyolipiwa na kijiji.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Wapo humu waliovuka Kagera. Naomba kipaza sauti kianzie kwao, na kama nimekosea kuhusu balozi wa nyumba kumi wanisahihishe mbele yenu.