Thelathini na Tatu za Wapi? Mhadhara kwa Vijana wa Mbio za Mtandaoni

Wazee mliokaa mbele, shikamooni. Vijana wa usukani, hamjambo. Wanaonifahamu wanajua nitakalosema, maana nimelisema darasani na nimelisema kwenye vikao vya wazazi. Leo nalisema tena kwa sababu bado halijafanyiwa kazi: mtu akitaja joto bila kutaja kipimo, hajasema kitu.

Nyumbani kwangu wapo vijana wanaocheza gemu za mbio mtandaoni. Mbio zenyewe sina ugomvi nazo. Ninachosikiliza ni gumzo la kusubiri, pale magari yameshapangwa kwenye mstari na kuna mmoja intaneti yake imekwama. Hapo ndipo watu huulizana habari za hali ya hewa. Kijana wa Dar anaandika: huku 33, natoka jasho mpaka mikono inateleza. Mwenzake wa Arizona, Marekani, anashangaa: kwenye 33 maji yanakaribia kuganda, jasho linatoka wapi? Wa Muscat anaingia, anasema kwao 45. Yule wa Arizona anazidi kushangaa, kwa sababu kwake 45 ni siku ya kuvaa sweta. Kisha anataja joto la kwake: 112. Hapo wetu wote wanamrukia. Mwongo huyo! Maji yenyewe huchemka kwenye 100!

Basi ugomvi ukawaka, na mbio zilipoanza watu wakagongana kwa makusudi kwenye kona ya kwanza. Sasa nisikilizeni. Wote walisema kweli. Wa Dar na wa Muscat walitaja Selsiasi, wa Arizona alitaja Farenhaiti. Ukiibadili ile 112, yaani utoe 32, uzidishe kwa 5, ugawe kwa 9, unapata nyuzi 44.4 za Selsiasi. Yaani kijana wa Muscat na kijana wa Arizona walikuwa wamekaa ndani ya joto lile lile, tofauti haifiki hata uzi mmoja, na hao ndio waliotukanana zaidi. Wangeweza kupeana pole. Alikuwamo pia mmoja wa Kanada, akakumbushia Januari yake: 40 chini ya sifuri. Huyo peke yake hakudaiwa kipimo, kwa kuwa kwenye 40 chini ya sifuri Selsiasi na Farenhaiti hukutana, ukisoma huku au kule ni baridi ile ile.

Najua mtakachoniambia. Mwalimu, hayo ni maneno ya gemu tu, nani atakufa? Kwanza, hata ndani ya gemu yanakugharimu. Gemu kama iRacing hukuonyesha joto la hewa na joto la lami, na joto la lami ndilo linaloamua matairi yashike au yateleze. Mtu akikutumia mipangilio ya gari lake akakuambia "lami ilikuwa 50", unajua amemaanisha nini? Kwa Selsiasi hiyo ni lami iliyopigwa jua mpaka matairi yanalalamika. Kwa Farenhaiti ni nyuzi 10 za Selsiasi, asubuhi ya baridi, matairi hayajapata moto. Ni mipangilio miwili isiyofanana kabisa. Unanakili ya mwenzako, unatoka nje ya barabara, unamlaumu fundi wa usukani.

Pili, hilo la nani atakufa. Ngojeni niwaeleze habari ya Gimli. Waliokwisha kuisikia kwangu wanivumilie, sitaifupisha.

Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767, safari namba 143, ilitoka Montreal kwenda Edmonton ikipitia Ottawa. Kanada wakati ule ilikuwa njiani, inahama kutoka vipimo vya Kiingereza kwenda vya metriki. Utabiri wa hali ya hewa ulikuwa umeshahamia Selsiasi tangu 1975. Hizi 767 zilikuwa ndege mpya, mafuta yake yanahesabiwa kwa kilo, ilhali ndege nyingine za shirika bado zilihesabiwa kwa ratili. Wafanyakazi ni wale wale, karatasi ni zile zile.

Siku hiyo mita za mafuta kwenye chumba cha marubani zilikuwa zimeharibika. Ikabidi mafuta yapimwe kwa fimbo kwenye matangi, na fimbo inakupa ujazo, siyo uzito. Safari ilihitaji kilo 22,300. Ili ugeuze lita ziwe uzito, unazidisha kwa uzito wa lita moja. Wakazidisha kwa 1.77. Je, 1.77 ni kosa? Hapana! Lita moja ya mafuta ya ndege ina uzito wa ratili 1.77, sawasawa kabisa. Kwa kilo ni kama 0.8. Karatasi ikaandikwa 22,300. Marubani wakaiona 22,300. Kompyuta ya ndege ikalishwa 22,300. Kila mtu akaridhika, kwa sababu nambari iliyotakiwa na nambari iliyopatikana zimefanana. Zilikuwa ratili 22,300. Mafuta yaliyokuwemo hayakufika hata nusu ya yale yaliyotakiwa.

Wakiwa futi 41,000 juu ya Ontario, kengele za hatari zikaanza kulia. Injini moja ikazima. Haukupita muda, ya pili ikazima. Vioo vya kisasa vya kusomea vipimo mbele ya rubani vikawa vyeusi, maana umeme wake ulitoka kwenye injini hizo hizo. Watu 69 wamo ndani. Rubani Bob Pearson alikuwa na desturi ya kurusha ndege zisizo na injini, zile zinazoelea kwa upepo, na hiyo ndiyo iliyowaokoa. Msaidizi wake, Maurice Quintal, akakumbuka uwanja wa zamani wa jeshi la anga aliowahi kuhudumu, mahali panaitwa Gimli, Manitoba. Asichojua ni kwamba uwanja ule ulikuwa umeshafungwa, na sehemu ya njia yake ya kurukia imegeuzwa kuwa barabara ya mbio za magari.

Na ilikuwa Jumamosi. Klabu ya mbio ya Winnipeg ilikuwa na siku yake pale, familia zimepiga mahema, watoto wamo kwenye baiskeli. Ndege ya abiria inawashukia, na hawaisikii, kwa kuwa haina injini inayonguruma. Rubani akailaza ubavu angani ili ipoteze mwinuko, akaishusha. Gurudumu la mbele lilikuwa halijajifunga, likakunjika, pua ikasaga chini, na huko kusaga ndiko kulikoisimamisha kabla haijawafikia watu. Moto mdogo ukatokea puani. Waliokimbia kuuzima ni hao hao watu wa mbio, na vizima moto vyao vya magari. Hakuna aliyekufa.

Vijana wa mbio, ndiyo maana napenda kuwasimulia ninyi habari hii kuliko mtu mwingine yeyote. Wenzenu walisimama mwisho wa barabara ile wakiangalia kilo na ratili zikija kuwaangukia. Kuzidisha kulikuwa sahihi. Neno dogo baada ya nambari ndilo lililokosekana.

Turudi kwenye joto. Kuna pingamizi la pili, na hili linatoka kwa wenye simu kubwa: mwalimu, simu inabadili yenyewe. Haya, itoeni. Tuseme umesoma habari ya Kimarekani kwamba maji ya bahari mahali fulani yamepanda joto kwa nyuzi 3.6 za Farenhaiti. Iambie simu ibadili 3.6 kuwa Selsiasi. Imekupa ngapi? Imekupa 15.8 chini ya sifuri. Bahari imepanda joto kwa nyuzi 15.8 chini ya sifuri! Simu haina kosa. Umeiuliza swali la joto lililosomwa kwenye kipimajoto, nawe ulikuwa na swali la tofauti kati ya joto mbili. Tofauti haina habari na ile 32 tunayotoa. Unazidisha kwa 5, unagawa kwa 9, basi: nyuzi 2. Kosa hili nimeliona kwenye habari zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na aliyeandika ni msomi. Mnaposikia joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 1.5, ile ya Mkataba wa Paris wa tabianchi, Mmarekani anaisoma kama 2.7. Akiisoma 34.7 ameshapotea, na wewe ukimnukuu umepotea naye.

Sasa wazazi, hili ni lenu, na ndilo linalonikosesha raha. Vipimajoto vya homa. Ndugu zetu walioko Marekani wanatuletea zawadi, mungu awabariki, na ndani ya zawadi kuna kipimajoto kinachosoma Farenhaiti. Mama anampima mtoto usiku, anaona 101.3, anadhani kifaa kimeharibika, anakitupa kwenye droo. Ile ni 38.5. Mtoto ana homa.

Wengine wanatumia ile njia ya mkato inayozunguka kwenye simu: toa 30, gawa kwa 2. Njia hii ni nzuri kwa kuamua uvae koti au usivae. Kwenye 50 inatoa jibu kamili, 10. Lakini kadiri joto linavyopanda ndivyo inavyozidi kukudanganya. Mpimeni nayo mtoto aliyeonyesha 104. Toa 30, inabaki 74, gawa kwa 2, unapata 37. Mama analala. Jibu la kweli ni 40! Mtoto anaungua, na njia ya mkato imemwambia mama kwamba mwanawe ni mzima. Nawaomba kwa dhati, kwa homa msitumie mkato. Toa 32, zidisha kwa 5, gawa kwa 9. Au tafuteni kitufe, vifaa vingi vina kitufe cha kuhamisha herufi F iwe C. Fanyeni hivyo mchana, kabla mtoto hajaumwa.

Habari za wenye majina haya sitazichimba. Fahrenheit, mzaliwa wa Danzig, alitoa kipimo chake 1724. Celsius wa Uppsala alitoa chake 1742, tena kikiwa kimepinduliwa: sifuri ilikuwa kuchemka na 100 ilikuwa kuganda. Kilikuja kugeuzwa kama tunavyokijua baada ya kufa kwake. Nataka tu mjue kwamba vipimo hivi ni makubaliano ya watu. Kwa hiyo anayesema leo nyuzi 40 ni joto mara mbili ya jana nyuzi 20 amekosea, sifuri ya Selsiasi siyo mahali joto lilipoanzia. Nilikuwa na maelezo hapa ya Kelvini, kipimo ambacho sifuri yake ndipo joto linapoanzia, ila naona mwenyekiti ameshaitazama saa.

Na kusoma vibaya kunakaa muda mrefu! Libya, mahali paitwapo El Azizia, mwaka 1922 waliandika nyuzi 58 za Selsiasi. Vitabu vikaibeba kama joto kali kuliko yote duniani kwa miaka 90, mpaka Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilipoifuta mwaka 2012, kwa sababu msomaji yaelekea hakukizoea kifaa, akakisoma mahali pasipo. Rekodi ikarudi kwa Death Valley, Marekani, 1913: nyuzi 134. Za nini? Semeni kwa sauti. Za Farenhaiti! Ni 56.7 za Selsiasi.

La mwisho nitalikimbiza. Hata mkishataja kipimo, bado kuna unyevu. Arizona ni kukavu, jasho linakauka na kuupoza mwili, ingawa mji wake wa Phoenix mwaka 2023 walikaa siku 31 mfululizo zilizofikia 110 za Farenhaiti na zaidi, na hakuna mwili unaozoea hilo. Sisi wa pwani wakati wa kaskazi tuko kwenye 32 au 33 za Selsiasi, na hewa imejaa maji, jasho haliendi popote. Mlioangalia Formula 1 Qatar, Oktoba 2023, mliona. Mbio za usiku, hewa ikiwa juu kidogo ya 30, na bado dereva Ocon alitapika ndani ya kofia yake na mwenzake Sargeant akaacha mbio kwa kuugua. Baada ya hapo FIA, shirikisho linalosimamia mbio hizo, wakaleta kanuni: tangu 2025, utabiri wa joto, linapohesabiwa pamoja na unyevu, ukizidi 31 za Selsiasi, mbio zinatangazwa kuwa za hatari ya joto, na vifaa vya kumpoza dereva vinawekwa kwenye gari. Kuna jamaa zetu Oman pia: Quriyat, Juni 2018, joto la chini kabisa kwa siku nzima, hata usiku wa manane, halikushuka chini ya 42.6. Mwenzenu wa Muscat akiwaambia hajalala, mwaminini.

Mwenyekiti, namaliza. Vijana, kundi lenu lina msimamizi, nimemwona pale nyuma. Naomba leo hii aandike kanuni juu ya kundi: asiyeweka C au F baada ya nambari, ujumbe wake unafutwa. Wazazi wenye vile vipimajoto, nina bisibisi ndogo na betri hapa mezani, leteni nilivyowaambia mje navyo tuvigeuze kabla hamjaondoka.